Namna ya Kukagua Gari la 4x4 Lililotumika Kabla ya Kulinunua

Mtu anayeuza gari la 4x4 husafisha zile sehemu zinazoonekana: hung'arisha bodi, hupaka tairi dawa, hubadilisha vitambaa vya viti na kuning'iniza manukato kwenye kioo. Ni wachache wanaojisumbua na tumbo la gari, na hata hao huacha alama. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa gari la namna hii huanzia chini na kupanda juu, kinyume cha wanavyofanya wanunuzi wengi, ambao huanza na rangi, wakamalizia na redio, kisha wakalipa.

Nenda mchana, siku isiyo na mvua, ukiwa umevaa nguo usizozionea uchungu. Chukua turubai la kulalia, tochi yenye mwanga mkali, nyundo ndogo, sumaku, spana ya kufungulia nati za difu (yale masanduku ya gia yaliyo kwenye ekseli, moja mbele na moja nyuma) na vitambaa viwili vitatu vyeupe. Mwombe muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini, na ukikuta ina joto jua kwamba kuna jambo ambalo halikutakiwa ulione wakati wa kuliwasha likiwa baridi. Si lazima uondoke, lakini hapo pana sababu ya kurudi siku nyingine.

Magari mengi ya kazi ngumu, kama Land Cruiser, Patrol, Hilux na Defender ya zamani, yamejengwa kwa bodi iliyofungwa juu ya chesisi inayojitegemea, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa na mihimili ya kukatiza. Bodi iliyobonyea hunyooshwa, injini iliyochoka hubadilishwa, ila chesisi iliyoliwa na kutu ndiyo inayoamua kama gari bado ni gari. Kutu hiyo huanzia ndani, kwa kuwa mihimili ina uwazi ambamo tope na maji hubaki muda mrefu baada ya nje kukauka. Angalia hasa sehemu inayopanda juu ya ekseli ya nyuma, mahali springi zinaposhikiwa, na mhimili wa kukatiza wa mwisho kabisa. Gonga kwa nyundo taratibu ukisogea kidogo kidogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu, na pengine magamba yakakudondokea usoni. Kipya kinyemi, lakini si chini ya gari kuukuu. Lami au rangi nyeusi iliyopakwa juzi juu ya chesisi ya miaka 20 inataka maelezo, na kipande cha bati kilicholehemewa juu ya mhimili kinataka maelezo zaidi.

Defender iliyotengenezwa hadi Januari 2016 imewahadaa wengi, kwa sababu mabati mengi ya bodi yake ni ya alumini, nayo haipati kutu nyekundu. Juu gari linapendeza huku chesisi yake ya chuma ikiwa imetoboka. Kwa upande mwingine, Pajero kuanzia kizazi cha mwaka 1999 haina chesisi inayojitegemea, bali imeunganishwa na bodi yenyewe, kwa hiyo hapo unachunguza maungio ya sakafu na sehemu za kushikia mikono ya springi. Pia msimamishe mtu nyuma ya gari wakati linaendeshwa polepole kwenda mbele katika njia iliyonyooka. Likitembea upande kama kaa, ama ekseli imehama ama chesisi imepinda, na bei ndogo haiponyi hilo.

Ukiwa bado umelala chini, futa kwa kitambaa cheupe kila mahali penye majimaji: chini ya injini, gia boksi, gia boksi ndogo ya 4x4, ile inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, na difu zote mbili. Kumbuka mahali ulipofuta, kwa maana utapahitaji baadaye.

Difu ndizo zinazostahili muda wako mwingi, kwa sababu mnunuzi aliyezoea magari madogo hazifikirii kabisa. Kila difu ina kipumulio, mara nyingi kimrija kinachopanda juu, ili hewa iliyo ndani ipate pa kutokea inapopashwa joto. Difu iliyopata moto ikitumbukia katika maji ya mto, hewa ya ndani husinyaa kwa ghafla. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, difu hunyonya maji kupitia kwenye sili, yaani pete za mpira zinazozuia oili isivuje. Mwenye gari hawezi kuliona hilo, naye huendelea kulitumia mpaka beringi zianze kulia.

Nilijifunza haya kwa hasara yangu. Gari la kwanza la 4x4 nililonunua lilikuwa na injini tulivu na viti visivyo na doa, na sikufungua chochote chini. Wiki ya tatu, nilipofungua nati ya kujazia oili ya difu ya mbele, kidole kilitoka na kitu kizito chenye rangi ya chai ya maziwa. Oili nzima huwa ya rangi ya asali au nyeusi. Ikipauka na kuwa kama maziwa, imechanganyika na maji. Tangu hapo sinunui gari la namna hii kabla ya kutia kidole katika difu zote mbili na katika gia boksi ndogo. Muuzaji akikataa usifungue, usibishane naye, jibu ameshalitoa. Sumaku nayo ina kazi yake hapa: vumbi laini la chuma kama unga ni la kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno ya gia yaliyovunjika.

Kwenye gari ambalo ekseli ya mbele ni mhimili mmoja kutoka tairi hadi tairi, tazama ile tufe ya chuma iliyo nyuma ya tairi, ambayo hugeuka pamoja na usukani. Ikiwa imelowa mchanganyiko wa grisi na oili unaochuruzika mpaka kwenye ringi, sili ya ndani imekufa. Kwa gari ambalo kila tairi la mbele limefungwa peke yake, angalia mipira inayofunika joini za ekseli, kwani mpira ukipasuka mchanga huingia. Baadaye, ukiendesha, kata usukani mpaka mwisho na uzunguke polepole pande zote mbili. Mlio wa ka-ka-ka unatoka kwenye joini zilizochakaa. Inua pia kila tairi la mbele kwa jeki, ulishike juu na chini ulitikise. Likicheza, tatizo liko kwenye beringi au kwenye egemeo la tufe. Likicheza kushoto na kulia tu, tafuta kwenye viungo vya usukani.

Mfumo wenyewe wa 4x4 lazima ujaribiwe, na usijaribiwe kwenye lami. Katika magari ambayo 4x4 huwekwa inapohitajika tu, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungamana kabisa, nayo lami hairuhusu tairi kuteleza, hivyo mfumo hujikaza na unaweza kuumia. Tafuta changarawe au mchanga. Funga habu zote mbili za mbele, yaani vifungio vya katikati ya magurudumu, ikiwa ni za kufungwa kwa mkono, weka 4x4, kisha ukate kona kali polepole. Unapaswa kuhisi gari likigoma kidogo, kana kwamba linashikwa na breki. Ukiitoa 4x4, mgomo huo uishe. Likizunguka kwa wepesi uleule katika hali zote mbili, ekseli ya mbele haivuti, hata kama taa kwenye dashibodi inawaka. Jaribu na gia nzito, ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu, mbele na kurudi nyuma. Lipo gari lililokaa miaka bila mkono wa 4x4 kuguswa, na muuzaji atalisema hilo kama sifa. Mimi nalihesabu kama mashaka, maana kilichokaa bila kutumika hushikana.

Dalili za gari lililozama hazipatikani kwenye zulia, kwa kuwa zulia huoshwa. Tazama tope kavu nyuma ya taa za mbele, katika matundu ya alteneta na ndani ya kisanduku cha fyuzi, pamoja na kutu kwenye boliti za reli za viti. Bomba refu la kuvutia hewa juu ya paa si ushahidi wa usalama. Maji hayagandamizwi kama hewa, hivyo injini iliyoyameza hupinda mikono ya pistoni, na iliyopinda kidogo inaweza kuendelea kutembea kwa muda.

Sasa washa injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito ni dizeli iliyozidi au hewa isiyotosha. Mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto unaweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe kabla ya kuwasha tu, kamwe si injini ikiwa ya moto, na maji yake yasiwe na utando wa oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma: mvuke mdogo ni kawaida, lakini mpumuo wa nguvu unaokirusha kifuniko ni pistoni au ringi zake zimechoka. Uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Injini ya 1HZ ya Toyota, ile ya lita 4.2 inayosifiwa kuwa haifi, nayo inautumia. Injini hiyo hiyo haikutoka kiwandani na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, kwa hiyo ukiikuta na tabo, kuna mtu aliyeiongezea joto ambalo haikuundiwa. Patrol za mwanzo zenye injini ya ZD30 ya lita 3 zina sifa mbaya ya kuunguza pistoni. Kwa hizo, taka ushahidi wa matengenezo kabla ya kitu kingine chochote.

Kilometa za kwenye dashibodi zilinganishe na raba ya pedali na ukingo wa usukani. Kilometa 300,000 zenye kumbukumbu za servisi ni afadhali kuliko 120,000 zisizo na karatasi hata moja. Kwenye tairi soma tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zote 4 ziwe za kipimo kimoja, kwani tofauti ya ukubwa huitesa gia boksi ndogo. Namba ya chesisi isome palepale ilipopigwa kwenye chuma, si kwenye hati tu, na upapase pembeni yake kama kuna alama za msasa.

Gari lililoinuliwa lina maswali yake: mipira ya breki isiwe imekazwa kama kamba, na propela shafti, mhimili unaopeleka mzunguko kwenye difu, isikae kwa pembe kali hata krosi, yaani viungo vyake, zikaanza kulia. Taa za ziada zilizofungwa kwa waya uliosokotwa na kuzungushiwa utepe ni moto unaosubiri.

Ukirudi kutoka kwenye majaribio ya barabarani, ambako umesikiliza kama difu inavuma unapokanyaga mafuta na unapoachia, zima injini na uiwashe tena ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli yenye pampu iliyochoka mara nyingi hukataa hapo. Iache ingurume dakika kumi, kisha uizime. Sasa tandika turubai, ulale tena chini, na umulike pale ulipofuta kwa kitambaa cheupe.