Affect na effect: anza na athiri na athari

Barua ya kuomba msaada baada ya mafuriko inaweza kuwa na kila kitu, tarehe, mhuri, hesabu ya hasara, kisha ikachafuliwa na maneno matatu tu: "the effected families". Mwandishi alikusudia familia zilizoathirika. Alichoandika kinakaribia "familia zilizotekelezwa". Kompyuta nayo haitapiga mstari mwekundu, kwa sababu "effected" ni neno halali la Kiingereza. Ni halali, ila si lake.

Wazungumzaji wa Kiswahili tuna msaada wa karibu sana hapa, na ni hasara kuuacha. Lugha yetu ina jozi kama hiyo hiyo: kitenzi athiri na nomino athari. "Affect" ni athiri. "Effect" ni athari. Kabla hujaandika, itamke sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Ukisikia imeathiri, itaathiri, wameathiriwa, basi neno lako linaanza na A. Ukisikia athari, linaanza na E. "Ukame umeathiri mavuno" ni "The drought has affected the harvest." "Athari za ukame" ni "the effects of the drought". Usishike herufi za mwanzo za Kiswahili, maana athiri na athari zote zinaanza na a na zitakuchanganya. Shika kazi ya neno: ni tendo, au ni kitu?

Sikio halitakusaidia. Waingereza na Wamarekani huimeza irabu ya kwanza na kukaza silabi ya pili, hivyo mtu akiongea haraka maneno haya mawili husikika karibu sawa.

Ukishachagua, kagua majirani wa neno. "Effect" hutanguliwa na "an", "the", "this", "no", "any", au kivumishi kama "bad" na "serious", na mara nyingi hufuatwa na "on" au "of". "Affect" hushika yambwa, yaani kinachoathiriwa, moja kwa moja bila kihusishi, sawasawa na athiri. Hatusemi "ukame umeathiri juu ya mavuno", kwa hiyo usiandike "affected on the harvest". Ukiikuta "on" imekaa nyuma ya "affect", kuna mawili: ifute, au geuza sentensi iwe "had an effect on the harvest".

Hapo ndipo Kiswahili kinapoanza kututega, na mtego mkubwa kuliko yote ni kiambishi -ik-. Tunasema "mazao yameathirika", sentensi imetimia, wala hakuna aliyetajwa kuyaathiri. Kiingereza hakina umbo hilo. Anayehamisha neno kwa neno huandika "The crops have affected", na msomaji anabaki akisubiri: yameathiri nini? Kila penye -athirika weka "be" ya wakati unaohusika pamoja na "affected": "The crops were affected", "The crops have been affected". Waathirika nao ni "those affected" au "the affected people", kwa A daima.

Mtego wa pili ni kuleta athari. Kwa Kiswahili mvua huleta athari kwa wakulima, nasi tunaandika "brought effects to the farmers". Kiingereza hakileti wala hakisababishii mtu "effects" namna hiyo, kitenzi chake cha kawaida ni "have", na kihusishi ni "on": "The rains had a serious effect on farmers." Kivumishi usikisahau. Athari kwa Kiswahili cha kila siku huegemea ubaya, lakini "effect" peke yake haisemi jema wala baya. Dawa inaweza kuwa na "a good effect". Madhara yanayoorodheshwa kwenye karatasi ya dawa ni "side effects", kwa E.

Sasa yale yanayokiuka kanuni. "Effect" huweza kuwa kitenzi, na hapo maana yake ni kutekeleza, kufanya jambo litokee. Utaikuta kwenye lugha ya ofisi: "to effect payment" ni kufanya malipo, "to effect an arrest" ni kumkamata mtu, "to effect change" ni kuleta mabadiliko. Linganisha "to affect payment", ambayo ni kuyagusa malipo, pengine kuyachelewesha. Mhasibu akibadilisha herufi hiyo moja, amesema jambo jingine kabisa. Ushauri wetu: kama huandiki nyaraka za namna hiyo, tumia "make" au "carry out" na uepuke hatari. Kwenye barua za ajira na uhamisho kuna "with effect from 1 July", ambayo hufupishwa w.e.f., yaani kuanzia tarehe 1 Julai. Ni E, siku zote. "Affect" nayo huwa nomino hasa katika saikolojia, kwa maana ya hisia zinavyojionyesha kwa mtu, na mkazo huhamia silabi ya kwanza.

Tazama aya hii inavyorekebishwa: "The floods effected 40 families. The affects are still seen, and this affects on transport." Mafuriko yaliathiri familia, ni tendo: "affected". Kinachoonekana bado ni athari, na kuna "the" mbele yake: "effects". Hali hiyo inaathiri usafiri, ni tendo tena, kwa hiyo A inabaki na "on" inaondoka: "this affects transport".

Unapomaliza kuandika, fungua sehemu ya kutafuta kwenye kompyuta au simu na uandike herufi hizi tano: ffect. Zitakuonyesha yote mawili, pamoja na "affected" na "effects". Pita moja baada ya jingine, kila mahali ukijiuliza kwa Kiswahili: ni athiri, ni athari, au ni tekeleza? "Effective" ikijitokeza, iruke. Hiyo huandikwa kwa E.