Kufundisha Kiingereza kwa Watoto Wadogo Ugenini

Ukienda nchi ya kigeni kufundisha Kiingereza watoto wa miaka minne hadi saba, jiandae kwanza kwa ukimya wao. Watakuonyesha picha kwa kidole na kucheza nyimbo zako, lakini ukimwuliza mmoja swali atakutazama tu. Hali hiyo, inayoweza kudumu wiki kadhaa au hata miezi, si ukaidi wala dalili ya somo kushindikana. Mtoto anakusanya sauti, kama alivyosikiliza lugha ya nyumbani kwa takriban mwaka mzima kabla ya kutamka neno lake la kwanza. Kumlazimisha aseme mbele ya wenzake ndilo kosa ninaloliona baya kuliko yote, kwa kuwa mtoto aliyechekwa hujifunza kuiogopa lugha yenyewe.

Mpe nafasi ya kujibu kwa mwili. Mbinu hii, iliyoendelezwa na mwanasaikolojia James Asher wa Marekani katika miaka ya 1960, huanza kwa amri fupi kama "stand up" au "touch your nose", ambazo mwalimu huzitoa huku akizitenda, na watoto wakimfuatisha. Baada ya siku chache, toa amri bila kutenda na ubadilishe mpangilio wake, ili ujue nani ameelewa na nani anamwigiza jirani yake. Kisha mwachie mtoto aliye tayari awaamrishe wenzake, nawe utii pamoja nao. Mtoto anayekataa kabisa kujibu maswali mara nyingi hufungua kinywa anapopata nafasi ya kumketisha mwalimu wake.

Shughuli moja isizidi dakika 10, na mchezo wa kukimbia ufuatwe na kazi ya utulivu. Wimbo wa kuanzia na wa kumalizia usibadilike, maana kwa mwalimu asiyejua lugha ya wenyeji huo ndio maelezo yake.

Mtoto akisema "he go", usimkatize. Jibu kwa furaha "yes, he goes", kisha endelea. Katika matamshi pia uwe na subira, hasa pale ambapo lugha yake haina sauti unayomfundisha: Kiarabu sanifu hakina p, na Kijapani hakitofautishi r na l.

Kabla ya kusafiri, jifunze kwa lugha ya huko maneno yanayomaanisha "naumwa", "nataka kwenda chooni" na "namtaka mama". Mtoto anayelia hahitaji Kiingereza wakati huo. Mwalimu mwenyeji naye ni nguzo yako, kwa hiyo kubalianeni mapema ni nani atakayesimamia nidhamu. Katika JET, mpango wa Japani wa kuwaleta wageni kufundisha lugha shuleni ulioanza mwaka 1987, walimu wengi wageni huingia darasani wakiwa wasaidizi.

Kuhusu nyaraka, cheti cha kufundisha cha saa 120 huombwa mara nyingi, pamoja na hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Soma masharti ya viza kabla ya kulipia mafunzo yoyote, kwani nchi kama Korea Kusini huangalia pia uraia wa mwombaji, si ufasaha wake peke yake.

Malipo ya subira hii huja bila taarifa, pengine nje ya kipindi, pale mtoto ambaye hujawahi kusikia sauti yake anapokushika mkono mlangoni, akaelekeza kidole dirishani na kusema, "Teacher, rain."