Kusoma rangi za rizista bila kuingia mkenge

Rizista ni kile kipande kidogo kwenye bodi ya umeme kinachozuia umeme kupita, na ukubwa wake huandikwa kwa mistari ya rangi, kila rangi na namba yake. Anza na rangi sita za upinde wa mvua: nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7. Kabla yake zipo za giza, nyeusi 0 na kahawia 1. Baada yake kijivu 8 na nyeupe 9. Ukizishika hizo, rizista za mistari minne hazikusumbui tena.

Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri, wa nne ni kiasi inachoruhusiwa kupishana: dhahabu asilimia 5, fedha asilimia 10. Njano, zambarau, nyekundu, dhahabu ni omu 4,700 (omu ni kipimo cha uzuiaji huo), yaani 4.7K, K ikiwa elfu. Mita ya kupimia omu ikisoma popote kati ya 4,465 na 4,935, ni nzima. Dhahabu ikikaa nafasi ya tatu, gawa kwa 10: nyekundu, nyekundu, dhahabu ni omu 2.2. Ukikuta mstari mmoja tu mweusi katikati, usihangaike. Huo ni waya uliovishwa umbo la rizista.

Mistari mitano ndiyo inayoumiza vichwa. Tarakimu ni tatu, kisha sifuri, na mwishoni mara nyingi ni kahawia ya asilimia 1. Hakuna dhahabu ya kukuonyesha mkia, kwa hiyo unaweza kuisoma kinyumenyume na jibu likaonekana sahihi kabisa. Kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia ni 10K. Igeuze: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia, omu 120. Zote mbili zipo madukani! Ukibandika ya 120 penye 10K, ikapata volti 12 zote za betri ya sola, itapitisha ampea 0.1 na kula wati 1.2 wakati mwili wake ni wa robo wati. Utanusa kabla hujaona. Mstari wa mwisho aghalabu hutengwa kidogo na wenzake. Ukiona nafasi zinalingana, pima.

Kuna na vumbi letu. Sabufa iliyopigwa kiangazi kizima Kongwa au Chamwino, huku Dodoma, hufika mezani bodi ikiwa imevaa udongo mwekundu, na hapo kahawia na nyekundu huwa kitu kimoja. Futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, kisha sogea mlangoni usomee mwanga wa jua, maana taa ya njano hufananisha nyekundu na chungwa. Rizista iliyoungua usiiamini hata ikisafishwa, kwani joto hubadili rangi. Kama ni ya amplifaya ya stirio, soma pacha wake wa upande wa pili.

Kabla ya kupima, chomoa umeme na umalize chaji ya kapasita kubwa, ile inayohifadhi umeme. Kwenye pawa ya TV inaweza kuwa na volti 300 na zaidi. Inua mguu mmoja wa rizista, la sivyo mita itapima na majirani zake. Majirani hao hupunguza tu, hawaongezi: namba ikizidi sana ile ya rangi hata ikiwa bado kwenye bodi, rizista imekufa. Na ukipima ya 1M, yaani omu milioni moja, usibane miguu yote miwili kwa vidole. Mwili wako nao ni rizista, mita itausoma.