Jinsi ya kufikisha shida ya shamba Bungeni: niliyoyaona nikiwa katibu wa mbunge

Miaka sita nilikuwa katibu wa mbunge kwenye jimbo la vijijini huku Lindi, kusini mwa Tanzania. Chumba kimoja, meza mbili, feni isiyozunguka, ndani ya uzio wa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Siku ya kwanza niliambiwa kazi yangu ni kupokea barua. Barua zilikuwa chache. Nilichopokea zaidi ni vilio. Bei imeshuka, mwambie mheshimiwa. Mbolea haijafika, mwambie mheshimiwa. Getini wanatuonea, mwambie mheshimiwa.

Vyote vya kweli. Lakini vikiwa vimekaa hivyo, mheshimiwa hana pa kuvishika. Bunge linakwenda kwa kifungu, fungu la bajeti na tarehe. Siku hizi nimerudi kwenye mikorosho yangu na ekari tatu za ufuta, na watu bado wananipigia kuniuliza wafanyeje. Nimeona niandike mara moja, anayetaka asome.

Ijue kwanza karatasi inayokuuma

Mzee mmoja alikuja na karatasi yake ya malipo ya korosho, imekunjwa mara nne, imelowa jasho. Kilo 412. Nikamwamkia, nikampa kiti. "Mwanangu," akasema, "nimekatwa. Mheshimiwa akaseme Bungeni makato yafutwe."

Tukaisoma mstari kwa mstari. Kwenye mjengeko wa bei ya korosho, yaani orodha ya makato yote, kila mstari una mwenyewe. Ushuru wa halmashauri unatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, na kiwango chake hubadilishwa Dodoma. Gharama za ghala zinatokana na mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mzigo huwekwa ghalani kwa stakabadhi kisha ukauzwa mnadani, wenye sheria yake ya mwaka 2005. Tozo ya chama kikuu cha ushirika na ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, ni mambo ya mikutano mikuu ya wanachama, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Halafu kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi. Huo mkulima hauoni popote, ila mnunuzi ameshaupigia hesabu kabla hajaweka bei yake mnadani.

Tulipofika kwenye mstari wa AMCOS nikamuuliza: "Mkutano mkuu ulikwenda, mzee?"

"Nilikwenda."

"Na hii tozo si mliipitisha wenyewe?"

Akanyamaza, kisha akacheka. "Tulipewa soda."

Kwa hiyo kabla hujapanda bodaboda kwenda ofisi ya mbunge, jiulize kinachokuuma kimeandikwa wapi. Kuna sheria, iliyopitishwa na Bunge. Kuna kanuni, anazotunga Waziri chini ya sheria hiyo. Kuna sheria ndogo za halmashauri. Kuna mwongozo wa bodi ya zao, ambao hutoka karibu kila msimu. Na kuna maamuzi ya chama chako mwenyewe. Kwa hesabu yangu ya ofisini, shida nyingi za wakulima zilikuwa kwenye hizo tatu za chini, si kwenye sheria. Ukimpa mbunge jambo la mwongozo wa bodi kana kwamba ni la kubadili sheria, atakwenda kusema kwa uchungu, atapigiwa makofi ya meza, na mwongozo utabaki ulivyo.

Mara nyingine sheria ipo na ni nzuri, haifuatwi tu. Chukua lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa kupita kipimo. Kila mwaka nilipokea mtu anayetaka Bunge litunge sheria ya kupiga marufuku lumbesa. Ipo tayari: Sheria ya Vipimo, Sura 340, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Linalokosekana ni mizani gulioni na mtu wa Wakala wa Vipimo kuonekana siku ya gulio. Hilo mbunge analiombea kwa barua na kwa swali. Muswada wa nini?

Kisa cha geti

Nitakieleza kwa kirefu kidogo maana kilinifundisha kuliko semina zote.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2017 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Pia iliondoa ushuru kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Wabunge wa vijijini walikuwa wamelisemea jambo hilo miaka mingi. Lilipopita tulishangilia.

Miezi kadhaa baadaye akaja kijana aliyepakia magunia 8 ya mbaazi, kilo 100 kila moja, akivuka kwenda halmashauri ya jirani, siitaji. Piga hesabu: kilo 800. Kwenye geti la ushuru wa mazao wakamwambia alipe. Akawaambia amesikia redioni ushuru umefutwa. Yule wa getini akamjibu, "Redio haina muhuri." Akalipa, na risiti akapewa. Na mwaka huohuo mbaazi zilikuwa zimeanguka bei baada ya India kuwawekea waagizaji wake kiwango cha mwisho cha kununua nje, kwa hiyo alikuwa anatozwa kwenye mzigo ambao hata nauli yake ulikuwa haurudishi.

Tulifanya hivi. Tulitoa nakala ya risiti ile. Tukachapisha ukurasa wa Sheria ya Fedha wenye kifungu chenyewe, tukakipigia mstari. Mheshimiwa akaandika barua fupi kwa Mkurugenzi wa halmashauri husika, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Hakusubiri Bunge. Wiki tatu baadaye geti likaacha. Kijana hakurudishiwa hela yake, nisiwadanganye. Lakini tangu hapo nilikuwa na nakala 30 za ukurasa ule mezani, na kila dereva wa kirikuu aliyeingia ofisini aliondoka na yake.

Kijijini, upesi

Peleka jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liingie kwenye muhtasari, lipigwe muhuri. Muhtasari wenye mahudhurio yaliyosainiwa una nguvu kuliko barua tano za mtu mmoja mmoja. Kisha diwani alipeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na baraza la madiwani. Mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa baraza hilo, kwa hiyo kama ni sheria ndogo ya halmashauri, safari inaweza kuishia hapo bila kufika Dodoma.

Ukurasa mmoja

Mheshimiwa wangu alikuwa anasoma kwenye gari, barabara ya vumbi, simu ikiita. Kurasa nne alizikunja, akaweka kwenye mfuko wa mlango wa gari, na huko ndiko zilikozeeka. Ukurasa mmoja aliusoma.

Andika hivi: jambo ni nini, kwa sentensi mbili. Limeandikwa wapi, taja sheria na kifungu au tarehe ya mwongozo. Linamgusa nani: vijiji vingapi, kaya ngapi, kilo ngapi. Unataka nini kifanyike, na nani akifanye. Ambatisha ushahidi, risiti au karatasi ya malipo. Namba ya simu ya mtu atakayepokea, si ya mwenyekiti ambaye simu yake huwa kwa fundi. Ile dibaji ya "tunapenda kuchukua fursa hii adhimu" iache.

Kilo ndizo zinazoumiza Waziri. Mbunge akisimama na kusema wakulima wanateseka, Waziri atasema Serikali inawajali wakulima. Akisema AMCOS tatu za kata fulani zina tani kadhaa ghalani tangu tarehe fulani hazijalipwa, Waziri anageuka kuwaangalia wataalamu wake waliokaa nyuma.

Kalenda

Hapa ndipo wakulima wa kusini tunapopigwa chenga. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwisha Juni 30, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ndiyo miezi ya kuvuna ufuta. Sisi tuko shambani tunasimamisha miganda, wao wako Dodoma wanapanga hela zetu.

Tena ukisubiri Aprili umeshachelewa. Kamati za Kudumu za Bunge hukaa kabla, na bajeti ya Wizara ya Kilimo hupitia kwenye Kamati ya Viwanda, Biashara, Kilimo na Mifugo kabla ya kufika ukumbini. Pale ndani ya kamati, bila televisheni, ndipo fungu linaweza kusogezwa. Ikishasomwa hotuba mwezi wa Mei, kilichobaki kwa sehemu kubwa ni kusema. Kwa hiyo ukurasa wako umfikie mbunge Januari au Februari. Novemba nako kuzuri, maana hapo hujadiliwa mapendekezo ya mpango wa mwaka unaofuata, na minada ya korosho inakuwa imepamba moto.

Mambo ya kodi na tozo yana njia yake: Muswada wa Sheria ya Fedha, mwezi Juni, chini ya Kamati ya Bajeti. Ofisi ya Bunge hutoa tangazo la kukaribisha maoni ya wadau, na muda huwa mfupi. Wenye viwanda hupeleka wanasheria. Wakulima tunapeleka manung'uniko kijiweni. Maoni ya maandishi yanapokelewa, huna haja ya kupanda basi. Bibi yangu wa Nachingwea aliyaona matrekta ya Waingereza ya mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kutupwa mwaka 1951 baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Alikuwa akisema hakuna aliyemuuliza mtu wa pale mvua hunyesha lini. Siku hizi tangazo la kuulizwa linatoka, sisi ndio hatujibu.

Silaha alizonazo mbunge

Swali la msingi huandikwa mapema na hujibiwa kwa maandishi ya wizara, lakini nyama iko kwenye maswali ya nyongeza. Mwandalie mbunge wako mawili, mafupi, kwa sababu jibu la kwanza unaweza kulikisia. "Serikali inaendelea na mchakato" maana yake hakuna tarehe. "Pindi fedha zitakapopatikana" maana yake haimo kwenye bajeti. Basi swali la nyongeza liulize hapohapo: mchakato huo uko hatua gani na utakwisha mwezi gani?

Kuchangia hotuba ni dakika chache. Mwambie aseme jambo moja. Mheshimiwa wangu mwaka mmoja alisema mambo tisa, kuanzia salfa ya mikorosho hadi kivuko, na hakuna hata moja lililojibiwa Waziri alipojumuisha.

Kushika shilingi ndiyo niliyoipenda. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha mafungu ya wizara, likifika fungu la mshahara wa Waziri, mbunge anaweza kuomba maelezo, na asiporidhika akatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Shilingi moja! Wenzake wakisimama kumuunga mkono, jambo linajadiliwa. Mara nyingi huisha kwa Waziri kuahidi na mbunge kusema anarudisha shilingi. Usimcheke. Ahadi hiyo imeingia kwenye Taarifa Rasmi, Hansard, yenye tarehe na jina. Ipakue kwenye tovuti ya Bunge, ichapishe, mwakani mwanzie hapo.

Kubadili muswada kunahitaji jedwali la marekebisho: kwa maandishi, likionyesha neno gani lifutwe na lipi liwekwe. Ujue pia mpaka wake. Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu mbunge kuleta jambo la kutoza kodi au kuchota Mfuko Mkuu wa Hazina. Hayo huletwa na Serikali. Kupunguza kodi anaweza kupendekeza. Ukimdai alete muswada binafsi wa ruzuku, unamdai asichoweza.

Na kuna kushindwa. Juni 2018 Serikali ilileta badiliko kwamba mapato ya ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje yaende yote Mfuko Mkuu, wakati sheria ilikuwa inarudisha asilimia 65 kwenye maendeleo ya zao. Wabunge wa Mtwara na Lindi walipigana waziwazi, Nape Nnauye wa Mtama akiwa miongoni mwao. Badiliko lilipita. Kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa jina moja moja, na Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Hesabu hiyo kila mbunge anaijua anapofungua mdomo. Msimu uleule wanunuzi waliweka bei ambazo wakulima walizikataa mnadani, na Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kuzisomba. Mwezi ule simu yangu haikupoa. Nilijifunza kumwambia mtu: mheshimiwa alisema, huu hapa ukurasa wa Hansard, na alishindwa. Watu wazima wanaelewa. Wasichosamehe ni kudanganywa.

Mwisho, ukija ofisini kwa katibu, njoo kabla ya saa nne, jua halijawa kali na mheshimiwa hajaondoka. Usiache karatasi halisi ya malipo, acha kopi. Omba barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala utakayobaki nayo, ipige picha kwa simu. Na usiondoke bila kujua jina la katibu aliyeipokea.