Mteja akikuuliza "websaiti ni shingapi", usitaje namba kwanza

Kazi nyingi za websaiti haziharibikii kwenye kompyuta jamani, zinaharibikia kwenye simu ya kwanza. Mtu anakupigia, "kaka mimi nina kampuni ya utalii hapa Arusha nataka websaiti, shingapi?" na wewe unaogopa kumpoteza unasema laki nane hapohapo, hujajua kurasa ngapi, hujajua anataka wageni walipie mtandaoni au wampigie tu. Hiyo namba ndo ataishika mpaka mwisho, hata kazi ikija kuwa mara tatu ya uliyofikiria. Mimi siku hizi najibu hivi: "Bosi nikutajie bei sahivi nitakudanganya, nipe dakika 20 nikuulize maswali alafu kesho nikutumie proforma." Proforma ni ile karatasi ya bei unayompa mteja kabla kazi haijaanza. Sijawahi kuona mteja wa kweli akikasirika kwa jibu hilo.

Maswali yenyewe sio ya kitaalamu. Nani ataingia kwenye hiyo websaiti, na akifika unataka afanye nini? Maneno na picha unazo au bado? Pale ofisini nani mwenye kauli ya mwisho? Hili la mwisho watu wanalisahau sana, unafanya kazi wiki tatu na mtu wa masoko, kila kitu amekubali, siku ya kukabidhi anatokea mkurugenzi anasema rangi hii siipendi na hii menyu nani kaiweka. Kwahiyo muombe huyo mwenye kauli awepo tangu mwanzo, hata kwa simu.

Kuhusu bajeti, wateja wengi hawataji kwa sababu wanaogopa ukiijua utaimaliza yote. Usimlazimishe. Mwambie kuna kazi za aina tatu: kuna ukurasa mmoja wenye maelezo na namba za simu, kuna websaiti ya kurasa nane au kumi yenye safari zako na fomu ya kuulizia, alafu kuna ile mgeni anachagua tarehe na kulipia humohumo. Kila moja mpe bei ya kuanzia na ya juu. Atakavyojibu tu utajua yuko wapi, na yeye atakuwa ameelewa kwamba websaiti sio kitu kimoja.

Kuna wale wanaosema "nataka kama Booking.com", ile websaiti kubwa ya kukodi vyumba vya hoteli. Usimcheke, muulize ni kitu gani pale amekipenda. Mara nyingi utakuta anachotaka ni mgeni achague tarehe, aandike wako wangapi, na ujumbe umfikie, basi. Hiyo ni fomu nzuri na kitufe cha WhatsApp. Akisema hapana nataka malipo kabisa, kadi na M-Pesa, hapo mweleze mapema kwamba lazima afungue akaunti ya mfanyabiashara kwa kampuni ya kupokea malipo, wataomba usajili wa kampuni, TIN, leseni na akaunti ya benki, na kukubaliwa kunaweza kuchukua muda ambao wewe huna uwezo nao. Alafu kuna makato kwa kila muamala na hayo ni yake. Iandike kama kazi ya pili yenye bei yake na tarehe yake, usiichanganye na ile ya kwanza, la sivyo websaiti nzima itakaa inasubiri barua ya benki na wewe hujalipwa.

Sasa bei unaipataje. Mimi nahesabu siku. Tuseme mwezi unahitaji 900,000 kuishi na kuendesha ofisi, na siku ambazo kweli unafanya kazi ya kulipwa ni 15 maana zingine zinaisha kwenye vikao, foleni na kutafuta wateja. Siku yako basi ni 60,000. Hiyo websaiti ya utalii ukiikadiria siku 18 ni 1,080,000. Ongeza asilimia 15 ya dharura, 162,000, kwa sababu hakuna kazi isiyochelewa. Ongeza vitu vya kununua nje, yaani domeini (jina la websaiti), hostingi (sehemu websaiti inapokaa mtandaoni) na plagini (vipande vya programu vya kuongezea kazi), tuseme 250,000. Unafika 1,492,000, andika 1,500,000. Hizi ni za mfano tu, weka zako, ila faida ya kuhesabu hivi ni kwamba mteja akisema punguza unajua unapunguza nini. Na usishushe bei bila kupunguza kazi! Ukitoka milioni moja na nusu mpaka laki tisa kwa kazi ileile umemwambia bei ya kwanza ilikuwa ya kumpiga. Sema "sawa dada, kwa laki tisa tutafanya kurasa tano badala ya kumi, blogu tutaiweka mwakani". Anachagua mwenyewe.

Vitu vya nje karibu vyote unavinunua kwa dola, ila mteja mwandikie kwa shilingi, na tangu 2025 kanuni za hapa Tanzania zinakataza kutangaza na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni. Kwahiyo weka kwenye proforma kwamba bei hii ni halali kwa siku 30, dola ikipanda kabla hajalipia unahesabu upya.

Kitu kinachoniuma zaidi kwenye hii kazi ni kontenti, yaani maneno na picha za kuweka kwenye websaiti. Kuna kampuni moja ya safari niliwahi kukubaliana nao wiki tatu, ilikuwa mwezi wa sita. Sikufikiria kwamba kuanzia hapo mpaka mwezi wa kumi ndo msimu wao, watu wote wako porini na wageni, nani atakaa aandike maelezo ya safari za Serengeti? Picha zikaja kwa WhatsApp zimeshabanwa hazifai hata kwa nusu ukurasa, maneno yakaja baada ya miezi miwili, na mwenye kampuni ananiuliza mbona unachelewa. Kosa lilikuwa langu, sikuandika popote kwamba saa inaanza kuhesabu siku kontenti ikikamilika. Sasa hivi naandika: "Wiki tatu zinaanza siku nitakapopokea maneno na picha zote." Watu wa utalii nawashauri tufanye mwezi wa nne na wa tano, mvua za masika, ndo wana nafasi. Picha ziwekwe Google Drive, au kama ni WhatsApp basi zitumwe kama dokumenti. Na kama hawana mwandishi nawapa bei ya kuwaandikia, kwa ukurasa, maana kuandika ni kazi kamili na sio zawadi.

Kwenye makubaliano yako (kurasa mbili zinatosha, wote mnasaini) andika utakachofanya, na uandike pia usichofanya, hii sehemu ya pili ndo inaokoa undugu. Logo haimo. Kutafsiri Kiingereza haimo. Kuendesha Instagram haimo. Kuwa wa kwanza Google usimuahidi mtu yeyote kwa sababu hakuna mwenye uwezo wa kuahidi hilo, unachoweza kuahidi ni kwamba itafunguka haraka kwenye simu ya bando dogo na Google itaweza kuisoma.

Marekebisho weka raundi mbili. Raundi maana yake orodha moja, kutoka kwa mtu mmoja, imeandikwa, sio voisi noti saba za saa nne usiku kutoka kwa watu watatu. Ikija ile "kaka ongeza tu kitu kidogo hapo", usikatae na usinyamaze ukafanya bure kwa hasira. Jibu hivi: "Sawa bosi inawezekana. Hiyo haikuwepo kwenye makubaliano yetu, ni siku mbili, 120,000, na tarehe ya kukabidhi itasogea mpaka Alhamisi. Niendelee au tuiache baada ya kukabidhi?" Nusu ya wateja watasema tuiache, na wanaosema endelea wanalipa bila maneno kwa sababu wameamua wenyewe.

Malipo mimi nagawa 40, 30, 30. Kwa ile ya 1,500,000 ni 600,000 kabla sijaanza, 450,000 akishakubali muonekano, na 450,000 kabla websaiti haijahamia kwenye domeini yake. Anaiona yote kwenye anwani ya majaribio kwahiyo hanunui mbuzi kwenye gunia. Na weka kipengele kwamba mteja akikaa siku 30 bila kuleta kontenti awamu ya pili ya malipo inadaiwa na kazi inasimama. Kama mteja ni kampuni, uliza mapema kuhusu kodi ya zuio, kwa huduma ni asilimia 5, watakata 75,000 kwenye hiyo hela na wanatakiwa wakupe cheti chake, kidai maana kinapunguza kodi yako mwisho wa mwaka. Vijana wengi wanaona pungufu kwenye akaunti wanadhani wametapeliwa, wanagombana na mhasibu bure.

Alafu kuna bajeti ya pili ambayo mteja haambiwi, ya kila mwaka. Domeini inalipiwa upya, hostingi inalipiwa upya, plagini zingine pia. Mwandikie jumla yake siku ileile ya proforma, mstari wa peke yake. Cheti cha usalama, kile cha kufuli, Let's Encrypt wanatoa bure, usimuuzie mtu wa biashara ndogo kila mwaka kitu ambacho wewe hujalipia. Na domeini isajili kwa jina la mteja na barua pepe yake, sio yako. Nimekutana na mama mwenye duka la vitenge ambaye aliyemtengenezea alihama mji, domeini ilikuwa kwa jina la yule kijana, ikaisha muda, na yule mama jina lake la biashara likampotea hivihivi wakati kadi zote ameshachapisha.

Siku ya kukabidhi kaa naye saa nzima umfundishe kubadilisha bei na picha mwenyewe, umuachie karatasi yenye majina ya kuingilia na tarehe ya kulipia domeini, alafu jiwekee kwenye simu yako ukumbusho siku 45 kabla ya hiyo tarehe umpigie.