Kidonda kina mafundi wake, usiwakatize kazi

Kijana wa bodaboda aliingia chumba chetu cha kufungia vidonda akichechemea, suruali kaikunja hadi juu ya goti. Alikuwa ameteleza na pikipiki siku 9 nyuma, lami ikamchuna goti na muundi. "Shikamoo sista." Nikaitikia huku macho yangu yako kwenye kile alichopaka: unga wa kapsuli za rangi mbili, umeshikana na usaha, na juu yake gamba jeusi gumu kama ukoko wa wali. "Kila asubuhi nakianika juani kikauke," akaniambia, "ila hakikauki."

Nina miaka 14 katika kazi hii na hilo neno "kikauke" nalisikia kila siku ya Mungu. Ngoja nieleze kinachoendelea mle ndani, maana ukishakielewa, maelekezo mengine hutahitaji kuyakariri.

Ngozi ikichanika, wa kwanza kufika ni chembe sahani, zile za damu zinazogandisha. Wengi wanajua zinaziba tundu, basi. Kumbe zikishashikana zinamwaga vitu zilivyokuwa zimebeba kwenye vifuko vyake, na humo mna protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kimojawapo, PDGF, kinaziita fibroblasti, seli zinazofuma kolajeni (nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi), zije na zizaane. Kichocheo chenyewe hakiingii ndani ya seli. Kinabisha hodi tu: kinashika kipokezi kilichochomoza kwenye utando wa seli, kisha waliomo ndani wanapokezana habari mpaka kwenye kiini. Seli isiyo na kipokezi chake haisikii lolote, hata kichocheo kikiwa tele pembeni yake. Ndiyo maana kichocheo kingine, VEGF, kinaamsha mishipa midogo ya damu, na cha tatu, EGF, kinasukuma seli za ngozi ya juu.

Hiyo EGF ina kisa ninachokipenda. Stanley Cohen, mtafiti wa Marekani, alikuwa akividunga vitoto vya panya majimaji ya tezi za mate za panya, akaona vinafumbua macho mapema kuliko kawaida. Mwingine angepita. Yeye akafuatilia mpaka akaipata EGF, na mwaka 1986 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini, mgunduzi wa kichocheo cha ukuaji wa neva. Ndiyo, hata mate yetu sisi yana EGF. Hiyo si ruhusa ya kulamba kidonda; mdomoni mna bakteria wa kila aina.

Sasa tuje kwenye goti. Vichocheo hivi husafiri katika yale majimaji mepesi ya kidonda. Ukiyakausha, seli za ngozi zinazotambaa kutoka pembezoni zinalazimika kupita chini kabisa ya gamba zikitafuta unyevu. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi karibu mara mbili upesi kuliko kilichoachwa wazi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chemsha lita 1 ya maji, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, acha yapoe. Nawa mikono kwa sabuni. Kama bendeji ya jana imegandia, usiivute! Ilowanishe mpaka iachie yenyewe, dakika 10 si nyingi. Kila unapoing'oa kavu unaondoka na ngozi mpya ya usiku mzima. Gamba la yule kijana nililifunika kwa gozi iliyolowa, nikahudumia wagonjwa wawili, niliporudi lilinyanyuka kwa kuguswa tu. Baada ya hapo mwagia maji kidonda kizima, uchafu utoke kwa mkondo wa maji, sio kwa kusugua.

Chini utaona nyama nyekundu yenye vipunje kama vya komamanga, inayotoa damu ukiigusa kidogo. Watu huiogopa. Hiyo ndiyo kazi ya VEGF, mishipa mipya kabisa, iache. Paka vaselini kidogo kutoka kopo ambalo halijachovywa vidole vya nyumba nzima, weka gozi safi, funga. Badilisha kila siku, au mapema ikiloa.

Spiriti na dawa nyingine kali usimwage ndani ya kidonda. Zinaua bakteria, na fibroblasti nazo zinakufa. Unga wa kapsuli unaganda, unafunga uchafu ndani, na unawafundisha bakteria kuizoea dawa. Aliyeungua na ekzosi aweke mguu chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno ibaki kwenye mswaki. Na ukianguka barabarani, ulizia sindano ya pepopunda siku hiyohiyo.

Kipo kidonda kinachokataa. Wiki 2 zimepita, ukubwa ni uleule: nenda ukapime sukari. Katika vidonda sugu vimeng'enya, yaani protini zinazokatakata protini nyingine, huzidi na kuvitafuna vichocheo kabla havijafikisha ujumbe. Marekani waliidhinisha jeli yenye PDGF mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari, lakini hata hiyo inataka kidonda kisafishwe kwanza na mgonjwa asiukanyagie mguu huo. Usisubiri hizo wiki 2 ukiona wekundu unapanda mguuni, homa, au harufu mbaya.

Seli za ngozi kutoka pande zote zikikutana, zinasimama. Kwenye mwili mzima wa afya wito huwa mfupi: seli inavimeza vipokezi vyake, hodi inakatika. Kwa baadhi yetu, hasa wenye ngozi nyeusi, fibroblasti huendelea kufuma hata kidonda kikishafunga, kovu likavimba na kuvuka mpaka wake. Kama kwenu hilo lipo, mwambie muuguzi mapema.

Siku ya 6 ya kumfunga, kijana alikuwa na mstari wa waridi kuzunguka kidonda chote, upana wa punje ya mchele. Alinyamaza kidogo akiuangalia, kisha akauliza kama Ijumaa anaweza kusujudu. Nikamwambia kidonda kirefu kikishafunga, wiki 3 za mwanzo ngozi yake haifiki hata nusu ya uimara wa zamani, na hata baadaye haizidi asilimia 80 hivi. Aswali kwenye kiti kwanza.