Ukifika kwenye plaza ya Uhispania, anza na roshani

Watu wengi wakifika Plaza Mayor, yaani uwanja mkuu wa mji wa Madrid, wanafanya kitu kilekile, wanakata moja kwa moja mpaka katikati, wanapiga picha na sanamu ya mfalme juu ya farasi, wanatokea tao la upande wa pili, dakika kumi wamemaliza. Inaniuma kwa kweli, maana ile plaza ina miaka 400 na stori yake yote iko palepale ukutani, ni kujua tu uangalie wapi. Ndo nataka nikuelekeze, na ukishaizoea Madrid utaitumia kwenye miji mingine ya Uhispania, hata Salamanca, hata San Sebastián.

Kwanza usiende katikati. Simama pembeni karibu na matao, inua macho, angalia roshani. Ziko 237. Sasa jiulize, nani anajenga nyumba za watu kuishi halafu anaziwekea roshani 237, zote zinatazama uwanja mmoja? Zile si za kuanikia nguo ndugu yangu, zile ni siti. Plaza nzima ilijengwa kama ukumbi wa maonyesho usio na paa, kuta ndo viti na uwanja ndo jukwaa. Msanifu Juan Gómez de Mora aliijenga kuanzia 1617 mpaka 1619 kwa amri ya mfalme Felipe III, na humo watu walitazama mchezo wa ng'ombe, sherehe za watakatifu, na mwaka 1680 hukumu kubwa ya Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa Katoliki dhidi ya wazushi wa dini, mbele ya mfalme Carlos II mwenyewe. Na aliyekuwa anaishi pale hakuwa na sauti, siku ya tamasha kubwa roshani ya nyumba yake wanapewa wakubwa wa ikulu, yeye ajijue atatazamia wapi.

Kama huamini nenda San Sebastián, Plaza de la Constitución. Pale angalia juu ya madirisha, kila roshani ina namba imeandikwa ukutani, mstari kwa mstari, ghorofa kwa ghorofa. Mgeni anadhani ni namba za nyumba. Hapana, ni namba za siti za mchezo wa ng'ombe, mtu alikuwa anajua yake ni ngapi kama wewe unavyojua siti yako kwenye basi. Mchezo wenyewe haupo tena pale siku nyingi, namba zimebaki na wanazipaka rangi upya. Mi naona hakuna mahali Uhispania panapokuonyesha kazi ya roshani kwa uwazi kama pale.

Turudi Madrid, sasa angalia pembe nne za plaza. Zimefungwa, unaingia kwa kupita chini ya matao. Haikuwa hivyo mwanzo, ile plaza imeungua mara tatu, 1631, 1672 na 1790, na baada ya moto wa tatu msanifu Juan de Villanueva akapewa kazi ya kuijenga upya, akazishusha nyumba kutoka ghorofa tano mpaka tatu na pembe akazifunga. Kwa hiyo kile unachokiona leo ukisema ni cha Gómez de Mora peke yake utakuwa umemdhulumu Villanueva.

Halafu toka nje, hii wengi hawafanyi. Pita Arco de Cuchilleros, utashuka ngazi nyingi kweli, ukifika chini geukia mtaa wa Cava de San Miguel uangalie kuta za nyumba. Zimelala. Chini zimetokeza, juu zimerudi nyuma, kama mtu aliyeegemeza mgongo kwenye mzigo usianguke, na ndo kazi yake hasa, maana ardhi ya huku iko chini sana na plaza iko juu, kuta zile ndo zinaishikilia. Ukiona hapo unaelewa kwamba uwanja ule tambarare ulitengenezwa na watu, haukukutwa.

Jambo la pili, soma majina. Cuchilleros maana yake watengeneza visu, na walikuwa pale kwa sababu juu yao kwenye plaza kuna Casa de la Carnicería, nyumba ya nyama, wauza nyama wanataka visu. Upande wa pili kuna Casa de la Panadería, nyumba ya mikate. Kabla ya yote hayo paliitwa Plaza del Arrabal, soko la nje ya ukuta wa mji. Yaani biashara ilitangulia, wafalme wakaja baadaye. Toledo ni wazi zaidi, plaza yao inaitwa Zocodover, jina la Kiarabu kutoka enzi za utawala wa Waislamu, maana yake soko la wanyama, na hilo "zoco" ni neno moja na "soko" letu, yote mawili yametoka kwenye "suq". Mswahili akifika Toledo anasoma kibao bila mkalimani.

Tatu, tafuta nyumba yenye saa na bendera, ndo halmashauri ya mji. Mwaka 1480 malkia Isabel na mfalme Fernando waliagiza miji ambayo haina jengo la halmashauri ijenge, na kwenye miji mingi jengo hilo lilikaa plazani, kwa hiyo soko, serikali na burudani vikawa uwanja mmoja. Mji wa Valladolid ulipoungua mwaka 1561 mfalme Felipe II akataka ujengwe upya kwa mpango, nyumba za urefu mmoja, matao ya aina moja, msanifu Francisco de Salamanca akauchora, na plaza ile ndo ikawa mfano kwa zilizofuata. Mwaka 1573 mfalme huyohuyo akatoa sheria za kujenga miji ya Amerika, plaza iwe ya mstatili, urefu wake angalau mara moja na nusu ya upana, na iwe na matao kwa faida ya wafanyabiashara.

Salamanca nenda jioni, tafadhali usiende saa nane mchana. Jiwe lao linatoka Villamayor, lina chuma ndani, jua likianza kushuka ukuta mzima unageuka rangi ya asali. Msanifu Alberto Churriguera aliianza plaza hiyo 1729, ikamalizika 1755, na ina matao 88. Tembea chini ya matao polepole uangalie vichwa vya watu vilivyochongwa kwenye duara juu ya kila nguzo, wafalme, mashujaa, waandishi. Cha dikteta Franco kilitolewa 2017. Kuna duara nyingine hazina kitu mpaka leo, zinasubiri. Halafu ukimpa mtu miadi mwambie tu "chini ya saa", wenyeji wote wanakutana hapo. Na kama bajeti inabana kunywa kahawa umesimama kaunta ndani, meza za nje sehemu nyingi bei iko juu.

Sasa ile sanamu ya Madrid, ndo muda wake. Ni Felipe III, ilitengenezwa Italia ikakamilika 1616, ila imeletwa plazani 1848 tu. Mwaka 1931 ufalme ulipoondolewa na Jamhuri kutangazwa, watu waliilipua, tumbo la farasi likapasuka na ndani vikamwagika vifupa vya shomoro, ndege walikuwa wanaingia kwa mdomo wa farasi halafu hawawezi kutoka. Ilipotengenezwa tena wakauziba mdomo. Siasa za plaza zimepita hata kwenye jina, 1812 ilitoka amri kila plaza kuu iitwe ya Katiba, mfalme Fernando VII akarudi kutoka uhamishoni akafuta, ikarudi tena, ikafutwa tena. San Sebastián ndo unaikuta bado na jina hilo, Constitución maana yake Katiba.

Mwisho tembea dakika chache mpaka Puerta del Sol. Hapo hakuna matao wala umbo la kupendeza, lakini ndo plaza inayofanya kazi kuliko zote, kilomita sifuri, pale barabara kuu za Uhispania zinapoanzia kuhesabiwa, iko kwenye bamba chini, na Mei 2011 vijana walipiga mahema hapo kupinga hali ya uchumi na wanasiasa. Ukienda usiku wa tarehe 31 Desemba beba zabibu 12, saa ya mnara ikigonga mara 12 usiku wa manane unakula moja kwa kila mlio. Ila sikiliza vizuri, kengele zinaanza na milio minne ya mbilimbili, hiyo ni ya robo, usile kitu. Subiri mlio mmoja mzito, hapo ndo anza, unakuwa na sekunde tatu kwa kila zabibu.